Duka la nafaka Ngamiani: hapa kilo ni kilo

Mimi ni mama ntilie. Mchele uliopunjwa naugundua sufuriani, maana sahani hazifiki idadi. Ndiyo sababu duka hili la Ngamiani, hapa Tanga, nililihama enzi za mzee mwenye duka. Mizani yake ilikuwa na sumaku chini ya sahani, mtaa mzima ulijua, na wazee husema hata babu, aliyepima kwa pishi, pishi lake lilikuwa na kitako kinene. Sasa anauza kijana wa mzee, nami nimerudi.

Mizani ni ya umeme, namba zinamtazama mnunuzi, na stika ya Wakala wa Vipimo ni ya mwaka huu. Anaweka bakuli tupu, anarudisha sifuri, ndipo anamimina. Kila mteja, hata foleni ikifika barabarani. Niliwahi kumwambia, "Mwanangu, mimina tu, nakuamini." Akanijibu, "Hapana mama, tazama namba. Nikiacha kutazamwa nitazoea."

Jibu hilo nimelibeba. Baba zake wadogo wanamlaumu kwamba mizani ile ya sumaku ndiyo iliyomsomesha, na kweli ilimsomesha. Habishani nao. Lakini nilimwona mdogo wake, bado mwanafunzi, akigandamiza sahani kwa kidole wakati wa kupima, na sidhani kama kuna aliyemfundisha. Alikulia nyuma ya kaunta ile akiona. Kaka hakumfokea. Alimwaga mchele wote, akarudisha sifuri, akamwambia, "Pima tena, mikono mgongoni." Mtoto akapima, mteja akaongezewa kilichopungua, kazi ikaendelea. Mimi nina watoto, najua ni rahisi kiasi gani kumzaba kofi na kuona umefundisha.

Bei? Mchele wa Mombo anauza 3,000, jirani 2,800. Nilipeleka kilo ya jirani kwenye mizani hii, ikasoma gramu 900. Piga hesabu: kwa jirani unalipa zaidi ya 3,100 kwa kilo kamili. Huyu ndiye wa bei nafuu.

Kasoro zipo. Anapima taratibu, chenji ndogo hana, na kukopesha hataki kabisa, jambo linalotuumiza sisi tunaolipwa jioni. Ningependa afungue daftari, kwa uaminifu huo huo. Maharage ya Lushoto huisha mapema, hasa Ijumaa, kwa hiyo fikeni kabla ya saa nne.