Kukariri fotokopi au kukaa na ramani?

Hapa Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), wanaojiandaa kwa konkuru, yaani mtihani wa kushindania kazi za serikali, wana njia mbili. Wengine hununua fotokopi za maswali ya zamani na kuzimeza. Wengine hukaa na ramani, daftari na wenzao wawili watatu.

Fotokopi inafupisha safari: nchi jirani 9, mikoa 26, franka ya Kongo tangu 1998. Aliyebakiwa na wiki moja sitamkataza. Lakini fotokopi huzeeka. Niliona moja ambayo bado inaandika Katanga kama mkoa mmoja, wakati tangu 2015 ni minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mwenye nayo alikuwa ameikariri yote. Iliniuma.

Ramani ni ya polepole, ila mimi ndiyo ninayoiamini. Weka kidole kwenye mto Luapula, mpakani na Zambia. Fuata maji: yanaingia Ziwa Mweru, yanatoka kwa jina la Luvua, yanakutana na mto Lualaba kule Ankoro. Sasa panda na mto Lualaba kuelekea chanzo chake hadi karibu na Kolwezi: mabwawa ya Nzilo na Nseke yapo hapo, na umeme wake unakwenda migodini kwenye shaba na kobalti. Umeanza na jografia, umefika kwenye uchumi bila kufunga kitabu.

Ukimaliza, nenda sokoni umuulize mama muuza unga kwa nini bei hupanda malori yakikwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ugavi na mahitaji utavielewa hapo hapo, mbele ya gunia.