Nyumba ya Nomura, Kanazawa: nendeni mkakae barazani

Wengi wafikao Kanazawa, mji wa Japani, hukimbilia bustani kubwa ya Kenrokuen. Inastahili, lakini msiondoke mjini bila kupita mtaa wa Nagamachi, kwenye nyumba ya ukoo wa Nomura. Kiingilio nililipa yeni 550, na safari nzima sikutumia pesa vizuri kuliko hizo.

Akina Nomura walikuwa samurai wa mabwana wa Maeda, ukoo uliotawala eneo hilo, wakipewa mchele zaidi ya koku 1,000 kwa mwaka. Koku moja ni mchele wa kumlisha mtu mmoja mwaka mzima, kwa hiyo hawakuwa watu wadogo. Enzi ya Meiji (1868–1912) ilipoondoa daraja la samurai, ardhi yao ikakatwakatwa. Mjue mapema kwamba nyumba mtakayoingia si ile waliyoishi: ni sehemu ya jumba la Kubo Hikobei, tajiri wa meli, iliyohamishwa kutoka kijiji cha bandari cha Hashidate karne iliyopita. Wapo wanaosema hilo linaipunguzia thamani. Mimi sikubali. Ingieni chumba cha heshima, muone dari ya mbao za hinoki, yaani mberoshi wa Kijapani, na milango ya karatasi iliyochorwa na Sasaki Senkei, kisha mniambie kimepungua nini.

Kuna pia barua ya zamani ya kumshukuru mmoja wa ukoo huo kwa kuleta kichwa cha adui. Nilisoma maelezo yake mara mbili, mwili ukanisisimka.

Lakini kilichonishika ni bustani. Ni ndogo mno, ila kila kitu kimo: maporomoko ya maji, taa za mawe, daraja la jiwe, na mti wa matunda wa yamamomo unaosemekana kuwa na miaka 400. Maji yanatoka kwenye mfereji wa Onosho unaopita nje, nayo yamefikishwa hadi chini ya baraza. Unakaa pale bila viatu, samaki wa koi wanakupita miguuni kama paka wa nyumbani. Nilikaa muda mrefu, na hakuna aliyeniharakisha.

Juu kuna chumba cha chai ya matcha, yaani chai ya kijani ya unga. Ngazi za mawe ni nyembamba, wenye magoti mabovu wabaki barazani, hawatakosa kitu. Fikeni saa mbili na nusu asubuhi wanapofungua, kabla makundi ya watalii hayajaijaza baraza.