Kukodi sola ya nyumbani Marekani: piga hesabu hadi mwaka wa 25

Wauzaji wa sola wanaobisha hodi majumbani Marekani hupenda kukuonyesha namba moja tu: malipo ya mwezi wa kwanza. Ukiiweka kando ya bili ya umeme, inavutia kweli. Ila mkataba wa kukodi ni wa miaka 20 au 25, na mingi ina kifungu cha ongezeko la kila mwaka, mara nyingi asilimia 2.9. Anza kusoma hapo.

Chukua mfano wa mtambo wa kilowati 7 unaozalisha uniti 9,100 kwa mwaka, malipo dola 100 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza uniti moja inakugharimu senti 13 hivi. Mwaka wa 25 malipo yamefika karibu dola 199 kwa mwezi, na paneli nazo zimechoka: zikipoteza nusu asilimia kila mwaka, zitatoa uniti 8,070 tu. Uniti moja sasa ni senti 29.5. Kwa hiyo bei ya uniti haipandi kwa asilimia 2.9 iliyoandikwa, inapanda kwa 3.4. Jumla utakuwa umelipa kama dola 43,180, na mtambo huohuo kwa taslimu, tukihesabu dola 3 kwa wati, ni dola 21,000. Aliyezoea sola za lipa kidogo kidogo za Kenya na Tanzania asichanganye mambo: kule ukimaliza malipo mtambo ni wako, huku muda ukiisha unaurudisha, unaongeza mkataba, au unaununua kwa bei ya soko.

Ukiweza kupata mkataba usio na ongezeko, uchukue huo hata kama unaanzia juu. Katika mfano wetu, malipo yoyote yasiyobadilika chini ya dola 144 yanakupa jumla ndogo zaidi.

Faida zipo. Inverta kuu ya ukutani, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika nyumbani, hudumu miaka 10 hadi 15, na ikifa kampuni ndiyo inayobadilisha. Mikataba mizuri huahidi pia kiwango cha chini cha uzalishaji, na upungufu unalipwa kwa uniti. Angalia wanailipa kwa senti ngapi. Tumeona vifungu ambavyo fidia yake iko chini sana ya bei unayonunulia umeme, na ahadi ya namna hiyo ni pambo.

Matatizo mengi huanzia kwenye paa. Paa la vigae vya lami lenye miaka 15 halitavuka miaka 25 mingine, na kushusha paneli na kuzirudisha ni maelfu ya dola, kwa kawaida juu yako, tena mara nyingi lazima ifanywe na kampuni yenyewe. Paa kuukuu libadilishe kwanza.

Kuuza nyumba ni mtihani mwingine. Mnunuzi anatakiwa akubali kurithi mkataba na apite ukaguzi wa historia yake ya mikopo. Akikataa, unaulipia wewe. Kwa mikopo inayofuata kanuni za Fannie Mae, shirika kubwa linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, paneli za kukodi hazihesabiwi katika thamani ya nyumba. Kampuni pia husajili fomu ya UCC-1 kulinda haki yake juu ya vifaa, na fomu hiyo inaweza kukwamisha benki siku unapotaka kubadili mkopo wa nyumba.

Usitegemee kwamba kampuni ikianguka deni litafutika. Kampuni ya sola ya SunPower iliomba kinga ya kufilisika Agosti 2024, mwenzake Sunnova Juni 2025. Mikataba ya namna hii huhamishiwa mmiliki mwingine: malipo yanaendelea kukatwa, fundi ndiye anayekuwa adimu.

Mbona basi kukodi kunapigiwa debe sasa? Nafuu ya kodi ya asilimia 30 kwa anayejinunulia iliisha kwa mitambo iliyokamilika baada ya 31 Desemba 2025, huku kampuni zinazokodisha zikibakiwa na nafuu yao ya kibiashara kwa muda. Dai sehemu ya nafuu hiyo ionekane kwenye malipo yako.

Kwa maoni yetu, mkataba wenye ongezeko la asilimia 2.9 haufai kwa mwenye uwezo wa kununua. Usio na ongezeko unafaa kwa mwenye paa jipya na asiyetarajia kuhama karibuni. Na kama ulishasaini mlangoni kwako, sheria ya shirikisho inakupa hadi saa sita usiku ya siku ya tatu ya kazi kuvunja mkataba: andika barua, weka tarehe, ipeleke kwa posta yenye risiti.