Mbabula, gesi au sufuria ya umeme: ununue nini kwa jikoni ya Goma?

Kabla ya kuuliza bei ya jiko lolote pale mtaa wa Birere, jiulize kwanza ni chakula gani kinachomaliza makala (mkaa) nyumbani mwako. Kwa familia nyingi za Goma jibu ni moja: maharagi. Bugali unasongwa mara moja ukaisha, sambaza, samaki wadogo wa ziwa, zinakaangwa kwa dakika chache, chai ni kuchemsha tu. Lakini maharagi yanakaa motoni saa mbili, mara nyingine tatu, na kila ukifunua sufuria unakuta mbabula, jiko lako la makala, inadai makala mengine.

Sababu mojawapo ni mahali tunapoishi. Uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kwenye urefu huo maji yanachemka yakifika nyuzi 95 hivi, si 100. Sufuria ya kawaida haiwezi kupita hapo hata ukiongeza moto namna gani. Ndiyo maana maharagi yaleyale yanaiva upesi Mombasa na kuchelewa Himbi au Majengo, mitaa ya hapa Goma. Kwa hiyo katika mwongozo huu napanga majiko kwa kipimo kimoja kabla ya vingine: linafanya nini na sufuria ya maharagi, na linaacha msitu kiasi gani.

Msitu ninaousema si wa mbali. Sehemu kubwa ya makala tunayopikia inatoka ndani au pembeni ya Hifadhi ya Virunga, hifadhi ya taifa ya kwanza Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925, ikaingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1979, na tangu 1994 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Tanuru la udongo la kienyeji linahitaji kilo 5 hadi 10 za kuni ili litoe kilo 1 ya makala. Yaani gunia linaloshuka juu ya chukudu (baiskeli ya mbao) kutoka Kibumba limeacha nyuma yake rundo la miti. Wakati gorila wa familia ya Rugendo walipouawa kwa risasi Julai 2007, biashara ya makala ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa kuwa chanzo. Simlaumu hata kidogo mama anayeuza makala kwa ndoo pale soko la Virunga, wala anayenunua. Watu wanapika kwa kile kilichopo. Ila penye nafasi ya kuchagua, uchaguzi wetu una uzito.

Ya kwanza: sufuria ya presha ya umeme

Kama nyumba yako ina mita na umeme unakaa angalau saa chache kwa siku, nunua hii, na uinunue kabla ya televisheni kubwa. Mfuniko wake unajifunga kabisa, mvuke unabaki ndani, na joto linapanda kupita nyuzi 110. Kile ambacho mlima wetu ulikuwa umekinyima chakula, presha inakirudisha. Maharagi makavu yanaiva kwa saa moja hivi, pungufu kama uliyaloweka usiku.

Watu wengi wanaogopa wakisoma “wati 1000” chini ya sufuria. Hofu hiyo inaeleweka, kwa sababu wameshaona resho, jiko la umeme la koili, ikimaliza uniti. Lakini sufuria hii haivuti wati 1000 muda wote. Ikishafika presha yake inajizima, inawaka kidogo tu pale joto linapoanza kushuka, na kuta zake zinazuia joto kutoroka. Sufuria moja ya maharagi inakula karibu nusu uniti. Linganisha: kilo moja ya makala ina joto la uniti kama 8, na kwenye mbabula ya bati sehemu kubwa ya joto hilo inapasha hewa ya uani, si chakula. Chukua bei ya ndoo ya makala ya wiki hii mtaani kwako, chukua bei ya uniti moja kwenye risiti yako ya umeme, upige hesabu mwenyewe. Sitaji bei hapa kwa sababu zinapanda na kushuka kila barabara inapofungwa au kufunguliwa.

Kuna jambo lingine linalonifanya niiweke juu. Umeme wa kampuni ya Virunga unaofika Goma unatoka Matebe, upande wa Rutshuru, kituo cha megawati 13.8 kilichozinduliwa Desemba 2015 kinachotumia maji ya mto. Ule wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unatoka maporomoko ya Ruzizi, upande wa Bukavu. Kote kuwili ni maji, hakuna mafuta yanayochomwa. Na mto wa Rutshuru unalindwa na msitu uleule tunaouchoma. Anayepika maharagi kwa umeme huo anauachia mto kivuli chake.

Sasa udhaifu wake, na nausema wazi. Bugali hausongwi humo: chungu cha ndani kinazunguka ukikaza mwiko, na kile chenye rangi nyeusi isiyoshika chakula kinachubuka. Ukipata sufuria yenye chungu cha chuma kisichoshika kutu, lipa tofauti. Kwa ukubwa, lita 6 zinatosha familia ya watu watano au sita. Nyumba ya watu kumi isijidanganye na lita 6, itafute 8 au zaidi, maana maharagi hayaruhusiwi kupita nusu ya chungu kwa sababu yanavimba na povu lake linaweza kuziba tundu la mvuke. Angalia mpira wa mfuniko. Huo ndio unaochakaa kwanza, na muuzaji asiyeweza kukupatia mpira wa akiba anakuuzia kitu cha muda mfupi.

Na tafadhali, usichomeke kwenye kebo nyembamba ya kuunganisha inayopita chini ya kitanda. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, kwa sababu juu ya mawe ya volkano ndizo nyepesi kujenga, na tunajua zinavyowaka. Chomeka moja kwa moja ukutani, kwenye soketi iliyofungwa na fundi. Kama umeme wa mtaa wako unapanda na kushuka, kifaa cha kusawazisha umeme kitaokoa sufuria, lakini chagua kinachobeba zaidi ya wati 1000.

Ya pili: mbabula yenye udongo ndani

Hii naiweka ya pili kwenye orodha, ila kwa mtu asiye na mita ni ya kwanza. Hata mwenye sufuria ya umeme anaihitaji. Januari 2025, vita vilipofika mjini, nyaya zilikatika na Goma ikakaa gizani. Aliyekuwa na mbabula nzuri aliendelea kupika.

Umbo lake lilienea kutoka Kenya miaka ya 1980: nje bati, ndani kikombe cha udongo uliochomwa, chini nafasi ya majivu yenye kimlango. Udongo unashika joto na kulirudisha juu, kwenye sufuria. Ukiitumia vizuri inapunguza makala kwa theluthi hadi nusu ukilinganisha na ile ya bati tupu. Lakini sokoni kuna za kweli na kuna zilizopakwa udongo mwembamba kwa kuvutia macho, na hapa ndipo pesa za watu zinapotea. Iinue kwanza: ya kweli ni nzito. Gonga kikombe cha udongo kwa kifundo cha kidole. Kikiwa kizima kinalia wazi. Chenye ufa kinatoa sauti butu. Pitisha kidole kati ya udongo na bati: pasiwe na upenyo unaocheza. Tazama matundu ya chini, yawe ya duara yanayolingana na yaliyotobolewa kabla udongo haujachomwa, si yaliyochokolewa kwa msumari baadaye. Funga na ufungue kimlango cha hewa, kwa sababu hicho ndicho kinachokupa makala ya bure: maharagi yakishachemka, unakifunga karibu chote. Mwisho weka juu yake sufuria ya kipimo chako mwenyewe. Mama, beba sufuria yako sokoni, hakuna aibu. Sufuria ikikaa juu sana ya makala, joto linatokea pembeni.

Moto wa kwanza uwe mdogo, ili udongo ukauke taratibu. Na usizime makala kwa kumwaga maji ndani yake, kikombe kitapasuka siku hiyohiyo.

Kuhusu makala yenyewe, uliza yametoka wapi. Tangu mwaka 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF, shirika la kulinda mazingira, umesaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti mashambani mwao, mikaratusi kwa wingi, kwa ajili ya kuni na makala. Muuzaji akikuhakikishia kwamba yake ni ya miti ya kupandwa na bei inakaribiana, chukua hayo.

Ya tatu: gesi

Gesi ni tamu kwa anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni. Unawasha, bugali unasongwa, mboga inaiva, unazima. Haina moshi, haitoi majivu, na mti haukatwi. Ningeiweka ya pili kama ingekuwa inapatikana bila wasiwasi. Lakini mitungi yetu inajazwa kwa gesi inayofika kwa malori ikipitia nchi jirani za mashariki, na mpaka ukikohoa bei inaruka. Na kwa maharagi ya saa mbili inaisha haraka.

Nasikia wengine wakisema gesi hii ni ile ya Ziwa Kivu. Si hiyo. Ya ziwani ni methani, na kwa sasa jirani zetu wa Rwanda wanaitumia kuzalisha umeme, megawati 26 kwenye mtambo wa KivuWatt. Iliyo kwenye mtungi ni propani na butani, nzito kuliko hewa, na ikivuja inatambaa sakafuni badala ya kupanda juu. Kwa hiyo mtungi usikae shimoni wala karibu na mbabula inayowaka. Paka maji ya sabuni kwenye maungio kila unapobadilisha mtungi: povu likicheza, pana uvujaji. Nunua mtungi ambao unajua utajazwa wapi mtaani kwako, la sivyo utabaki na chuma cha kupamba kona.

Resho, briketi na sola

Resho ya koili ni rahisi kununua na ghali kutumia. Kwa chai na mayai, sawa. Kwa maharagi inakula uniti mara kadhaa ya sufuria ya presha, kwa sababu nusu ya joto inatoka pembeni na haijui kujizima. Ile bapa ya kioo inayopasha sufuria yenyewe kwa sumaku ni bora zaidi, lakini inakataa sufuria za alumini ambazo ndizo karibu zote tulizo nazo, basi ongeza bei ya sufuria mpya kwenye hesabu.

Briketi za vumbi la makala, maranda au takataka za shamba ni nzuri ndani ya mbabula ya udongo, hasa kwa moto wa polepole. Zinachelewa kushika, kwa hiyo anza na makala kidogo. Vunja moja mbele ya muuzaji: ikibomoka kama mchanga au ikiwa na unyevu ndani, acha.

Paneli ya sola ya kuwashia taa na simu haitapika. Anayekuahidi kinyume chake anakuuzia maneno.

Ya mwisho: mbabula ya bati tupu

Ni rahisi siku ya kuinunua, na kila wiki inayofuata unalipa tofauti kwa makala. Ikiwa ndiyo pekee mfuko unaruhusu leo, nunua, lakini usiiingize chumbani usiku kwa sababu ya baridi ya mvua, wala hiyo wala ya udongo. Makala yanayoonekana kutotoa moshi yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020 kutokana na hewa chafu ya majumbani.

Na kuna msaada usiohitaji muuzaji. Chemsha maharagi yaliyolowekwa kwa nusu saa kamili, yakitokota kweli, halafu funika sufuria na uifukie kwenye kikapu kilichojazwa nguo nzito au blanketi kuukuu. Yaache saa tatu au nne, kisha yarudishe motoni kidogo. Usipunguze ile nusu saa ya mwanzo, hasa kwa maharagi mekundu, kwa maana yana sumu ambayo ni moto mkali tu unaoiua.

Ukishaamua sufuria ya umeme, usilipe kabla haijawashwa dukani. Mwombe muuzaji atie maji lita moja, afunge, achomeke. Subiri hadi kile kipini kidogo cha mfuniko kipande, kisha uangalie ukingo wote kwa makini. Mvuke ukitoka pembeni badala ya kwenye tundu lake, achomoe, alete nyingine, na mjaribu tena mbele yako.