Kijana ajifunze gari kwako au shule ya udereva?

Mtoto akitimiza miaka 18 na kupata leseni ya kujifunzia, mzazi wa Kigoma hufikiria njia mbili: amfundishe mwenyewe au ampeleke shule ya udereva.

Ukimfundisha mwenyewe unaweza kupunguza ada, na unamwona kwa macho yako anavyoshika usukani. Lakini hofu yako unaipandisha garini. Mkiwa mlimani, kutoka stesheni ya reli kwenda Mwanga, gari likirudi nyuma kidogo tu utapiga kelele. Naye atakanyaga breki bila klachi, injini izimike, bodaboda wawapigie honi nyuma. Kibaya zaidi, gari la nyumbani halina breki upande wako.

Gari la shule mara nyingi linayo, na mwalimu hashtuki ovyo. Wewe utabaki nyumbani ukisubiri simu. Inachosha, ila haimharibii mtoto mafunzo.

Mimi nasema shule itangulie. Baadaye mchukue wewe, asubuhi na mapema, barabara ya Ujiji ikiwa bado nyeupe, mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, simu zenu zote mbili zimezimwa.