Rimoti ya DJI RC kwa kazi za ziwani: nimebaki nayo, kivuli nimekitoa

Kazi yangu ni video za harusi na matangazo hapa Kigoma, na siku hizi mteja asipopata picha ya juu anaona kapunjwa: msafara unaposhuka kutoka Mwanga, au mitumbwi inapoingia mwalo wa Kibirizi. Narusha droni ya DJI Mini 3, na niliichukua pamoja na DJI RC, rimoti yenye kioo chake, badala ya ile ya kubana simu. Seti hiyo ni ghali zaidi. Wenzangu wananiuliza kama inastahili. Inastahili, ila si kwa sababu wanazozitaja wauzaji.

Wao wanasifia kioo: inchi 5.5, mwangaza wa niti 700. Asubuhi na jioni ni raha tupu. Saa saba mchana, jua likiwa utosini na ziwa likikurudishia mwanga usoni, unaanza kukodoa. Ukivaa miwani ya jua yenye polaroidi ndio kabisa, ukilaza kichwa upande kioo kinaweza kuwa cheusi. Mimi ninacholipia ni vitufe. Cha kurekodi kiko juu kushoto, cha picha juu kulia, kuna gurudumu la kuinamisha kamera, na nyuma kuna viwili unavyovipangia kazi mwenyewe. Vidole vikishavizoea, unarekodi huku unatazama angani. Halafu simu inabaki mfukoni: hakuna shangazi wa bibi harusi anayepiga katikati ya kazi, wala meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" inayotokea juu ya picha.

Kutazama angani si mbwembwe. Mini 3 ina vihisi vya chini tu. Mbele, nyuma na pembeni haijikingi na chochote. Na pale Kibirizi, dagaa wakianikwa, mwewe hawakosekani. Kwenye kioo unaona picha tulivu kabisa: mchanga umemetameta kwa dagaa, kina mama wanageuza, mtoto anafukuza kunguru. Inua macho. Mwewe wawili wako juu ya droni, tena upande wa nyuma, mahali ambapo kamera haifiki. Hakuna kioo kitakachokuonyesha hilo, hata kingekuwa na ukubwa wa mlango.

Upepo ni hivyo hivyo. Kamera imetulizwa kwa mota, haitikisiki, kwa hiyo picha haikuambii droni inapigana na nini. Ukiitazama kwa macho unaona inavyoinama ili isimame palepale. Asubuhi upepo wetu hutoka nchi kavu kwenda ziwani: kwenda unateleza, kurudi ndiko betri inakoliwa. Watengenezaji wanasema inastahimili upepo wa mita 10.7 kwa sekunde na inakaa hewani dakika 38, lakini hizo dakika zimepimwa kwenye hali nzuri kuliko hii yetu.

Sasa kivuli. Nilinunua kile kiboksi cheusi kinachovishwa juu ya kioo kuzuia jua. Kwa kioo kinasaidia kweli, rangi zinarudi. Tatizo ni kwamba ili uone ndani lazima usogeze uso mpaka karibu uingie, na ukishaingia huoni anga, huoni mwewe, huoni hata mgeni anayekuja kusimama mbele yako. Ukiinua kichwa, macho yanahitaji muda kuzoea mwanga, na droni ya gramu 248 yenye rangi ya kijivu kwenye anga jeupe haikusubiri. Nimekitoa. Siku hizi nasimama mgongo kwa jua, kioo kinakaa kwenye kivuli cha kifua changu, basi.

Utaratibu wangu: droni ikitembea, macho yangu yako juu, kioo nakipa jicho mara moja kwa betri, kimo na umbali. Kupanga fremu nafanya ikiwa imesimama. Ikinipotea, nabonyeza mara moja kile kitufe cha kusimamisha, inaganda hewani, ndipo naitafuta. Usikishikilie, maana ukikishikilia inaanza safari ya kurudi. Kwa msafara wa harusi, ambapo lazima nikae kwenye kioo muda mrefu, nakuwa na kijana pembeni ambaye kazi yake ni moja tu, kuitazama droni na kusema "Kaka, mnazi kushoto." ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inaruhusu hivyo inapoeleza maana ya kurusha kwa kuona kwa macho: rubani au mwangalizi wake aione kwa macho yake, bila kifaa cha kukuzia. Darubini haihesabiki. Na uwanja wetu wa ndege hauko mbali na mji, kwa hiyo mambo ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, malizana nayo kabla hujafungua begi.

Lawama zangu kwa rimoti yenyewe ni ndogo. Nayo inataka kuchajiwa, kitu ambacho watu husahau, na mikononi ni nzito kiasi.

Kama unafanya kazi peke yako na simu yako ndiyo ya biashara, chukua DJI RC. Kama mfuko haufiki, ile ya kubana simu inarusha droni hiyohiyo. Weka simu kwenye hali ya ndege, chomeka waya, na hela iliyobaki nunua betri ya pili. Kivuli cha kioo usinunue. Changu kipo, anayekitaka aje akichukue bure.