Ankadrema ya bafinalisti huku Essence: haipendezi macho, lakini mutoto anatoka na kitu

Hii naandikia bazazi benye batoto beko sizyemu, mwaka ya mwisho ya sekondari (bale tunaita bafinalisti), na benye bameanza kutafuta fasi ya kubapeleka mbele ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, juu huku Bukavu kipindi hii kila ukuta iko na karatasi ya ankadrema (masomo ya kuongeza ya kulipia) na kila mutu anaahidi pointi za ajabu. Ile nataka kusemea iko huku kartie ya Essence, jina sitaweka juu kuko mambo nitalalamikia. Mutoto ya dada yangu anasomeaka pale, yeko bioshimi (biolojia na kemia), na mimi njo nalipaka, kwa hiyo niko na haki ya kuangalia makuta yangu inaenda wapi. Nilisoma pedagojia pale ISP, shule ya juu ya kufundisha bamwalimu, lakini sifundishi, nauza vitenge, ila ule ugonjwa ya kuchungulia vile mwalimu anafundisha haukuniishaka.

Niseme mara moja: ni dola 15 kwa mwezi na inafaa. Nyumba yenyewe usitarajie kitu. Ni mabati, mvua ikinyesha hamusikilizani, mabenchi ni ya mbao yenye kuchana suruali, umeme ikikatika hakuna jenereta. Promoteri (mwenye ankadrema) hana maneno mingi na akikusalimia ni kama amekukopesha.

Lakini angalia vile banafanya. Batoto bakifika, kaye (daftari) yote inafungwa na inawekwa chini ya benchi. Mwalimu anagawa nusu karatasi, anaandika kwa tablo maulizo sita ama nane, zingine ya somo ya jana, zingine ya wiki ilipita, na moja ama mbili ya kule nyuma kabisa, ile kila mutu alishasahau. Hakuna kuchungulia, hakuna kuuliza jirani. Kisha banabadilishana karatasi, banakosoleana na biki nyekundu, na mwalimu anauliza nani amekosa namba tatu, nani amekosa namba ine. Penye mikono inakuwa mingi njo pale anasimama, na anaeleza ile tu, penye bote bamejua anapita. Nilisimama pa mulango siku moja bakiwa kwa meyoz (vile celi, seli za mwili, inajigawa kutoa mbegu za uzazi): kijana moja akachora kwa tablo celi mbili zenye kromozomu 46 kila moja, binti moja wa nyuma akapiga kelele hapana, ile ni mitoz, meyoz inajigawa mara mbili inatoa celi ine za 23, bakabishana mpaka kijana akachukua kitambaa akafuta yeye mwenyewe. Mwalimu muda yote hakufungua kinywa. Nilipenda sana.

Batoto lakini habapendi. Wetu alirudi na hasira, "mama mudogo, ule mwalimu hafundishake, anatuulizaka tu, ule wa Nyawera anaelezaka mpaka unasikia muzuri." Ule wa Nyawera ni ankadrema ingine, ya projektere na viti ya plastiki, mwalimu anaongea masaa mbili na nusu bila kupumua na batoto banaandika, banatoka bakisema leo tumesoma. Nami bazazi bengi nabasikiaka kwa soko banasifu ule wa Nyawera na kuponda huyu wa Essence kwamba ni mvivu. Pale njo nataka kubapinga, tena na vitu ya kushikika.

Mwaka 2006 Roediger na Karpicke kule Marekani walichukua banafunzi ya univerisite bakabapa maandishi ya kusoma. Bamoja walisoma mara ine mfululizo. Bengine walisoma mara moja tu, kisha mara tatu wakafunga maandishi wakaandika yote yenye bamekumbuka. Kisha ya dakika tano benye kusoma mara ine njo walikuwa mbele, 83 kwa mia, bengine 71. Ukibaki hapo unasema kusoma tena na tena njo dawa. Lakini kisha ya wiki moja ikageuka: benye kusoma mara ine walibakia na 40 kwa mia, benye kujiuliza 61. Na Exetat siyo kisha ya dakika tano, weye. Ni kisha ya miezi, na cours zingine ni za miaka mbili tatu nyuma.

Kwa ile ya kurudilia kidogo kidogo, ile ya kuweka ulizo ya zamani kati ya mapya, hata si maneno mapya. Ebbinghaus, Mujerumani, aliandika tangu 1885 vile mutu anasahau haraka na vile kurudilia kwa siku tofauti kunashika kuliko kubeba yote siku moja. Kisha 2013 Dunlosky na wenzake walipima namna kumi za kusoma zenye banafunzi banatumiaka, wakasema mbili tu njo ziko na nguvu kwa kila aina ya mutoto na kila aina ya somo: kujipima mwenyewe, na kugawa masomo kwa siku mbalimbali. Kupaka rangi kwa maneno na kusoma tena na tena waliweka chini kabisa. Sasa fungua kaye ya mufinalisti yeyote huku kwetu! Njano, pinki, kijani, kila sentensi imepakwa mpaka ile yenye haijapakwa njo inaonekana. Makuta ya fluo (kalamu za kupaka rangi) peke yake ingelipa mwezi moja.

Hesabu nako banafanya kitu ya ajabu kidogo, habatoi mazoezi kumi ya derive mfululizo. Banachanganya, moja ya limiti, moja ya derive, moja ya probabilite, mutoto inafaa kwanza ajue hii ni ugonjwa gani mbele ya kutafuta dawa. Mutoto anakosa mingi na anakata tamaa, nakubali. Ila Rohrer na Taylor walijaribu ile ile 2007, na mazoezi ya kutafuta volimu ya vitu: wakati wa mazoezi, benye kufanya aina moja moja walipata 89 kwa mia na benye kuchanganyiwa 60. Wiki moja kisha, kwa mtihani, benye kuchanganyiwa wakapata 63, bale ya aina moja moja 20. Ishirini! Kwa hiyo mutoto akirudi akisema mazoezi ni nguvu, usikimbie kumuhamisha.

Na ile ya kulalamika kwamba hatujifunzi kitu nayo ilishapimwa, Harvard, kwa fizikia, Deslauriers na wenzake 2019: benye walifanyishwa kazi darasani walipata pointi mingi kuliko benye walisikiliza mwalimu mwenye kuongea muzuri, lakini ukibauliza bao njo wanasema wamejifunza kidogo. Njo kusema mutoto kusifia mwalimu siyo kipimo. Freeman na wenzake nao 2014 walikusanya tafiti 225 za sayansi na hesabu, wakaona kwa darasa ya kusikiliza tu mwanafunzi iko na hatari ya kuanguka mara moja na nusu kuliko kwa ile yenye kumufanyisha kazi. Ule wa Nyawera naye mutu muzuri, sauti yake tamu, ila mutoto analipa kwa kusikiliza radio.

Haya, sasa malalamiko, juu sikulipwa kusifu.

Ya kwanza ni ile tesiti ya kuandikishwa. Dola 5 zaidi, mutoto anajibu karatasi kisha banamwambia weye ni wa macho, weye ni wa masikio, weye ni wa mikono. Wetu walimwambia ni wa macho, wakamuuzia na fotokopi za mchoro. Jameni. Pashler na wenzake walichunguza 2008 hii habari ya kwamba kila mutoto iko na mlango wake wa kufundishiwa, hawakupata ushahidi wa kutosha wa kutumia ile kwa shule. Mutoto anaweza kupenda picha, sawa, hakuna mwenye kukataa, lakini kumufundisha kwa picha tu haimuongezei akili. Mahali ingine yote banafanya kazi ya maana, kisha pa mulango banauza uganga. Nilibaambia, promoteri akacheka akasema bazazi bengine banaipenda. Kama munaenda, semeni hamutaki, habalazimishe.

Ya pili ni mbaya zaidi. Exetat ikikaribia batoto banajaa, banakaa mpaka pa dirisha, na pale wanaanza kukimbia. Banagawa maitemu (maulizo ya Exetat) ya miaka ilipita, mutoto anachagua asersyo (jibu moja kati ya yenye kuandikwa), anarudisha, anapewa ingine, na kukosoa banasema ni kesho. Kesho haifikaki. Kwa maulizo ya kuchagua ile ni hatari, juu mutoto anasoma majibu ya uongo pamoja na ya kweli, akichagua ya uongo na hakuna mutu wa kumurudisha, ile uongo njo inabaki kwa kichwa, tena anaishika kama kitu alifundishwa. Roediger na Marsh waliionyesha 2005, na tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba ukimupa mutoto jibu la kweli, ile hatari inapungua sana. Yaani dakika kumi ya kukosoa njo kazi yenyewe, siyo ile rundo la karatasi. Mimi mwezi wa mwisho nilikuwa naomba maitemu ije nyumbani, tunakosolea kwa meza na kaka yake mwenye yeko UOB, univerisite ya huku Bukavu.

Disertasyo (insha ya Kifaransa) usihesabie kitu. Banapeana utangulizi moja ya kukariri, batoto bote banaandika "tangu zamani binadamu", nani hatachoka kuisoma. Kama mutoto yako Kifaransa inamuangusha, mutafutie mutu mwingine.

Bamwalimu bao ni wapole, sijasikia fimbo wala matusi, ule wa shimi peke yake njo anachelewaka na akifika anaanza kuuliza bila pole. Kwa bioshimi na matfizi (hesabu na fizikia) nabapa ndiyo. Komersyali (biashara) hapana, mwalimu wa kontabilite (uhasibu) aliondoka na mwenye kushika fasi yake sijamuona.

Ukienda, nenda mapema mwaka ya masomo ikiwa bado changa, mbele batoto habajajaa, na kaa kidogo pa mulango uone kama kaye inafungwa kweli. Saa nane na nusu banafunga, ukichelewa unangojea nje mpaka intero (ile maulizo ya kuanzia) iishe. Mutoto aje na biki mbili, nyekundu na buluu. Resi (karatasi ya malipo) uiombe weye mwenyewe, habaitoe kama haujasema.